Nguzo ya Kwanza ya Nyumba ya Nasambu

Sehemu ya Tisa

Ufunguo haukuwa umezunguka hata nusu pale kitasa kilipogeuka chenyewe, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani.

Hapo ndipo tulipomwacha Nasambu wiki iliyopita. Mjane wa Oduor, aliyekuwa karani wa reli Kisumu, amesimama mbele ya nyumba yake mpya ya mabati huko Usenge, godoro kichwani, akijua kabisa kwamba nyumba ile ina ufunguo mmoja tu na ufunguo huo anao yeye mkononi.

Aliyefungua alikuwa Joram Abuto. Ndiye fundi aliyeijenga. Hakuwa na nyundo wala msumeno. Hakuwa na viatu pia.

"Umechelewa, Mama Nabwire," alisema. "Chakula iko wapi?"

Nasambu akacheka. Alidhani ni mzaha wa mafundi, na mafundi wana mizaha yao.

"Fundi, mimi nilijua umemaliza. Umerudia lile dirisha la nyuma?"

"Dirisha nitamaliza tu, ndiyo njia nimeingilia. Ingia ndani, jua ni kali."

Anakaribishwa kwake mwenyewe! Hata hivyo aliingia. Katikati ya sebule, juu ya saruji ambayo yeye alikuwa bado hajaikanyaga, kilisimama kiti cha kukunja cha turubai la buluu. Kando ya kiti, chini, alikaa binti yake Nabwire, wa miaka sita. Mtoto alikuwa amemtangulia mbio kutoka barabarani, na mama yake akadhani amekwenda kwa nyanya.

Joram alikaa kwenye kiti chake, akamnyooshea mtoto ngumi iliyofumbwa.

"Niite vile nilikufundisha."

"Baba Joram!" Nabwire alipiga kelele.

Ngumi ikafunguka. Ilikuwa imejaa njugu.

Hilo halikumsumbua Nasambu. Watoto wa kando ya ziwa humwita kila mwanamume mzima baba, ni adabu tu. Kilichomsumbua ni kiti. Kiti kile alikuwa amekiona mahali, na hapakuwa Usenge.

"Fundi," alisema akitua godoro, "nyumba nimeipenda. Sasa tuongee malipo yako ili uende salama."

"Siku ya kwanza nilikuambia nini?"

"Uliniambia malipo tutaongea nyumba ikiisha."

"Basi imeisha. Nani alichimbia hii nyumba nguzo ya kwanza?"

"Ni wewe."

"Nilikulazimisha?"

"Hapana. Nilikuomba."

"Uliniomba. Mbele ya watu, ama tulikuwa wawili?"

"Mbele ya majirani wote. Lakini fundi, hiyo si..."

"Usiniite fundi tena." Joram alisema hivyo bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomtisha Nasambu. "Mwanaume akichimbia mjane nguzo ya kwanza, hiyo nyumba ni yake. Na huyo mjane ni wake. Kama hunisadiki, enda uulize mama mkwe wako. Ukirudi, beba samaki."

Nimepokea barua tatu kuhusu huyu Nasambu. Bwana mmoja wa Ahero ananiuliza kwa ukali: mwanamke aliyesoma mpaka darasa la saba alishindwaje kuchagua fundi wa kuaminika? Bwana wa Ahero, tulia. Nasambu alichagua fundi kwa uangalifu kuliko wewe ulivyochagua kalamu ya kuniandikia.

Kumbuka mambo yalivyokuwa. Chifu alitangaza barazani kwamba karani wa mashamba anakuja. Mjane mwenye nyumba, anayekaa kwa jina la mumewe, kipande cha shamba la mumewe kitaandikwa kwa jina la nyumba ile, na watoto watakikuta. Mjane asiye na nyumba, au aliyekwisha kuchukuliwa na mwanamume mwingine, kipande kinarudi kwa ndugu ya marehemu. Nasambu hakuwa na nyumba. Alikuwa na chumba cha kupanga Manyatta, mjini Kisumu, mtoto mmoja wa kike, na rundo la mabati ambayo Oduor aliyanunua kabla homa haijamchukua.

Fundi wa kwanza kumwita alikuwa Masinde. Huyo alikuwa Mbukusu mwenzake, mpole, koti limetoboka viwiko, na alikuwa amejenga kando ya ziwa kwa miaka kumi na miwili. Masinde alikuja, akapima kiwanja kwa hatua, akasimama, akakuna kichwa.

"Dada, sitaanza mpaka shemeji yako afike ashike nguzo ya kwanza."

"Shemeji yangu Oketch yuko Kericho kwa chai. Ameandika atakuja mwisho wa mwezi."

"Basi tungoje mwisho wa mwezi."

"Na karani akija kabla?"

Masinde aliangalia viatu vyake. "Ni mambo ya hapa, dada. Tungoje tu."

Nasambu aliona nini? Aliona fundi mvivu anayetafuta kisingizio. Wewe ungeona nini?

Wiki hiyohiyo akatokea Joram. Suruali imepigwa pasi, penseli sikioni, pima maji mpya inang'aa. Hakutaka hata senti kabla ya kazi. Hakutaka kumngoja shemeji wa mtu. "Tunaanza kesho," alisema, na mjane mwenye haraka hana wimbo mtamu kuliko huo.

Hata hapo Nasambu hakukubali mbiombio. Alisema, nionyeshe kwanza nyumba uliyojenga. Joram akampeleka Mamboleo, kando ya Kisumu, kwa mama mmoja aliyeitwa Awuor. Nasambu alibisha kuta kwa ngumi. Aliinua macho kutafuta mwanga kwenye matundu ya misumari. Alifungua mlango na kuufunga kwa kidole kimoja. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa dirisha moja la nyuma lililokuwa bado halina ubao. Mwisho akamuuliza Awuor swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza.

"Mama, huyu fundi ni mwaminifu?"

Joram alikuwa amekaa palepale, anakunywa uji.

Awuor alimtupia Joram jicho. Kisha naye akauliza, "Wewe uko na bwana?"

"Bwana yangu ni marehemu."

Awuor akainuka, akaingia jikoni, asirudi. Nasambu aliondoka akisema moyoni kwamba nyumba ni nzuri ila mwenyewe hana adabu.

Sasa, akiwa amesimama sebuleni kwake Usenge, alikumbuka Joram alikuwa amekalia nini siku ile anakunywa uji. Kilikuwa kiti cha kukunja cha turubai la buluu.

Alimshika Nabwire mkono, akatoka mbio.

Adero, mama yake Oduor, alikuwa ufuoni akipepeta omena, dagaa wa ziwani, kwenye uteo. Mama huyu alikuwa amekaa mwezi mzima Alego kwa binti yake aliyejifungua, na alikuwa na siku mbili tu tangu arudi.

"Chi Oduor!" aliita kwa furaha. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, mke wa Oduor, hata baada ya Oduor kuzikwa. "Nimeona mabati inang'aa kutoka mbali. Mwanangu angefurahi."

"Mama, nguzo ya kwanza ni kitu gani?"

"Si ni ile Oketch alikuja akashika?"

"Oketch hajafika, mama."

Mikono ya Adero ikaacha kupepeta. "Nani alishika, basi?"

"Ni fundi."

Uteo ulianguka. Omena wakamwagika mchangani, kunguru wakashuka, na hakuna aliyewafukuza.

"Yawa! Yawa, nyathina, mwanangu! Ni nini umefanya?"

"Kwetu fundi ni fundi, mama! Anachimba, analipwa, anaenda kwake!"

"Na hapa kwetu mwanaume anayechimbia mjane nguzo, amemchukua. Majirani hawakukuambia?"

"Majirani walipiga vigelegele. Walileta kuku."

Adero alifunika uso kwa leso. "Walijua umejichagulia bwana. Hiyo kuku ilikuwa ya kukukaribisha kwa bwana yako."

Na Nasambu alikuwa amemla. Alimla kuku wa ndoa yake mwenyewe, akamega ugali, akashukuru na mchuzi.

"Si tuing'oe basi?" alisema. "Ni mti tu, mama. Ni mti!"

"Inang'olewa. Lakini mwenye kung'oa ni yule alichimbia. Mtu mwingine akiing'oa, amenyang'anya mwanaume bibi yake. Na huyo sasa ndiye anakuwa bwana yako."

"Na karani anakuja lini?"

"Kesho asubuhi."

Masinde alikuwa akijenga nyumba ya mwalimu shuleni, mwendo wa robo saa. Nasambu alifika kwa dakika chache, khanga inaburuta, na hakungoja kupumua.

"Kaka Masinde, chukua mtaimbo wako. Njoo uning'olee ile nguzo."

Masinde hakuuliza nguzo gani. Alishuka ngazi polepole, kama mtu aliyekuwa akiingojea habari hiyo.

"Ni Joram aliichimbia?"

"Unajua ya Joram!"

"Sisi wote tunaojenga huku tunajua. Mamboleo ana nyumba moja, anaweka saruji yake. Manyatta ana nyingine, analala akiwa mjini. Zote ni za wajane. Huwa anachagua mjane wa kutoka mbali, wa watu wengine, asiyejua."

"Ng'oa basi! Kwa mtaimbo ni nusu saa!"

"Ni nusu saa, ndiyo. Na nikimaliza hiyo nusu saa, wewe ni wangu. Mimi nina bibi Bungoma, dada. Nina watoto watano. Tena karani hataandika Joram, ataandika Masinde. Utakuwa umepata nini?"

Nasambu alikaa kwenye rundo la mchanga.

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile ulisimama kiwanjani kwangu ukaniambia ni mambo ya hapa. Mambo gani, hukusema. Kwa nini?"

Masinde alikunja kofia yake, akaikunjua. "Niliona haya. Wewe ni dada yangu, ni wa kwetu. Ningeanzaje kukuambia mambo ya mwanamume kukuchukua? Nilisema utauliza wamama."

Haya! Msomaji, nimeisimulia hadithi hii kwa upole mpaka hapa, lakini sasa acha niseme. Mtu anajua mwenzake anakwenda kudumbukia, ana neno la kumzuia mdomoni, na analimeza kwa sababu ya haya! Joram simwelewi, lakini Masinde namwelewa kabisa, na ndiyo sababu nimemkasirikia zaidi. Ndiye aliyekuwa fundi wa kuaminika. Alikuwa mwaminifu kiasi cha kukataa kazi, ila hakuwa na ujasiri wa kusema sababu.

Basi la Kisumu lilipiga honi barabarani. Nasambu aliinua kichwa, akamwona mwanamume anashuka na sanduku la bati, na juu ya sanduku amefunga jembe jipya.

Oketch! Shemeji amefika!

Nasambu alimkimbilia kwa matumaini yote aliyokuwa nayo.

"Karibu nyumbani, shemeji. Karibu sana!"

"Asante, nyar Bukusu. Msimamizi wa chai alikataa kuniruhusu, nimetoka kwa nguvu." Oketch, aliyezoea kumwita hivyo, binti wa Wabukusu, alitabasamu, akalipapasa jembe. "Nimeleta na jembe mpya ya kuchimbia. Nguzo iko tayari?"

Nasambu aligeuza uso upande wa kiwanja. Kutoka pale barabarani mabati yalionekana yakimeremeta juu ya miti, na Oketch aliyaona.

"Nyumba imeisha?"

"Imeisha."

"Nani alishika nguzo?"

Nasambu alimweleza kila kitu, palepale, abiria wakipita na vikapu vyao. Oketch alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliketi juu ya sanduku lake.

"Basi nimechelewa," alisema.

"Hujachelewa! Enda umwambie atoke! Wewe ni mwenye boma!"

"Nikiingia hiyo nyumba sasa, naingia kwa mwanaume mwingine. Nitamwambia nini? Atoke kwa bibi yake?"

"Mimi si bibi yake!"

"Mimi najua si bibi yake. Lakini kuku ililiwa, nyar Bukusu."

Oketch hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, ametoka mbali, na hakuwa hodari wa ugomvi. Lakini kuna jambo moja ambalo yeye hakulisema na Nasambu alilifikiria. Nyumba ya Oduor ikifungwa, shamba linarudi kwa Oketch. Angelipata bila kuinua hata lile jembe jipya.

Ilibaki mlango mmoja. Nasambu alirudi kwa Joram.

Alimkuta hajaondoka kitini. Alipiga magoti mbele yake, yeye ambaye tangu utoto hajawahi kumpigia mtu magoti isipokuwa kanisani.

"Ng'oa hiyo nguzo, Baba. Nitakulipa kazi yako yote. Nitauza cherehani. Nitakulipa mpaka utosheke."

"Nitang'oa," Joram alisema. "Nani amekataa? Nitang'oa hata leo, ukitaka."

Nasambu aliinua uso. Hakuamini masikio yake, na alikuwa na haki ya kutoyaamini.

"Lakini angalia juu," Joram aliendelea. "Unaona hiyo boriti ya kati? Hiyo nguzo ndiyo imeibeba. Nguzo ikitoka, boriti inashuka. Boriti ikishuka, mabati inashuka. Kesho karani akija, ataona nini? Ataona mjane hana nyumba. Andika, shamba irudi kwa Oketch."

"Na ukiiacha?"

"Nikiiacha, ataona nyumba nzuri, na mwanaume kwa mlango. Andika, mjane ameolewa, shamba irudi kwa Oketch." Alimenya njugu moja, akaitupia mdomoni. "Wewe chagua tu. Mimi sina haraka."

"Na wewe utapata nini? Shamba hupati!"

"Shamba ya nini? Mimi ni fundi, mimi si mkulima. Oketch achukue mchanga wake. Mimi nitachukua mabati, milango, na mama wa kunianikia omena. Samaki yangu ya biashara ilikosa mahali huku Usenge. Sasa imepata."

Joram aliipanga nyumba ile kama alivyompanga Nasambu, kuanzia siku ya kwanza alipofika na penseli yake sikioni, na hakuna hata msumari mmoja aliopigilia bila kujua unakwenda wapi.

Nasambu alilala kwa Adero. Usiku huo siusimulii, kwa sababu hakuna kilichotokea isipokuwa kulia.

Asubuhi Nabwire alitoroka kwa nyanya yake kabla uji haujaiva. Hakuhitaji kutafutwa. Alipatikana mlangoni kwa Joram, kiganja kimefunguliwa. Joram alikuwa anatoka, taulo begani na sabuni mkononi, anakwenda kuoga ziwani. Alimwachia mtoto njugu mbili tu.

"Zingine nikirudi," alimwambia. "Ukiniita vizuri."

Hakuwa amegeuka vizuri kwenye njia ya ziwani pale gari la karani liliposikika upande wa pili.

Adero alikuwa mzee, lakini asubuhi ile alitembea kama msichana. Aliingia nyumba ya Joram, au niseme ya Nasambu, akakikunja kile kiti cha buluu na kukibeba kwapani. Akakilaza nyuma ya ukuta, akakifunika kwa wavu, akamwaga omena juu yake. Viatu vya Joram akavitupa kwenye kichaka. Kisha akarudi, akamshika Nasambu bega.

"Nisikize, chi Oduor. Yeye hayuko. Kiti hakuna. Karani ni mgeni, hajui kuku. Akiandika jina ya Oduor kwa hiyo kitabu, imeandikwa. Joram hata akikaa hapa miaka kumi, shamba ni ya mtoto."

"Na Oketch?"

Wote wawili walimgeukia Oketch. Alikuwa amesimama kando, mikono nyuma.

"Shemeji," Nasambu alisema, "sitaki upigane na mtu. Sema neno moja tu. Sema mimi bado ni wa Oduor."

"Nikisema hivyo mbele ya majirani, nimesema uongo. Nikisema hapana, nimekufukuza wewe na mtoto wa ndugu yangu." Oketch alitazama ardhi, ile ambayo ingekuwa yake. "Mimi nitanyamaza."

Karani alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya jua, na nyuma yake vibarua wawili walibeba mnyororo wa kupimia. Alifungua daftari kubwa juu ya boneti ya gari. Majirani walianza kukusanyika, walewale wa vigelegele.

"Hii nyumba ni ya nani?"

Oketch alinyamaza, kama alivyoahidi. Naomba tumshukuru kwa hilo, maana zaidi ya hilo hakutoa.

"Ni ya mwanangu Oduor," Adero alisema. "Alikufa mwaka jana. Huyu ni bibi yake."

"Bado anakaa kwa jina lake? Hakuna mwanaume mwingine ndani?"

Adero alikuwa mwanamke wa kanisa. Ijumaa hakosi, Jumapili hakosi, na kwa miaka arobaini hakuna aliyemsikia akisema uongo.

"Hakuna," alisema.

Majirani waliguna. Nasambu aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalikuwa yakiomba. Mama mmoja, yule aliyeleta kuku, alifungua kinywa. Kisha alimtazama Adero, mzee yule mwenye leso mkononi, akakifunga. Wengine nao wakanyamaza.

Karani alichungulia ndani ya nyumba. Aliona sakafu ya saruji, godoro lililofungwa kamba, na nguzo zilizosimama wima. Hakuna kiti. Alirudi kwenye daftari.

"Oduor," alisema, na akaandika.

Nasambu aliiona kalamu ikitembea. Aliona O, aliona D, aliona jina la mumewe likikamilika kwa wino mweusi, na kwa mara ya kwanza tangu jana alivuta pumzi mpaka chini. Adero alimshika mkono.

"Mtoto?" karani aliuliza.

"Mmoja. Nabwire."

"Miaka?"

"Sita."

"Ni huyu?" Karani alikuwa na watoto wake, nadhani, kwa maana uso wake ulilainika. Aliinama mpaka kofia ikamwangukia usoni. "Nabwire, habari yako?"

"Mzuri."

"Ni binti ya nani?"

"Ya Odu..." Nasambu alianza.

Karani aliinua kidole, akicheka. "Wacha, mama. Aseme mwenyewe. Si yeye ndiye mwenye shamba?"

Nabwire alimtazama bwana yule mnene. Oduor alikufa mtoto akiwa na miaka mitano, na siku za kazi aliondoka na kurudi mtoto amelala. Mtoto alimjua kama mtu wa Jumapili. Lakini swali hili alilijua. Aliulizwa na Joram kila siku kwa majuma mawili ya ujenzi, na kila alipojibu vizuri alipewa kitu. Aliutazama mkono wa karani. Ulikuwa umeshika kalamu, umefumbwa.

Akanyoosha kiganja chake.

"Joram," alisema.

Kalamu ikasimama. "Nani?"

Nabwire alidhani bwana yule hakusikia. Basi akajaza kifua, akageuka upande wa ziwa, akaita kwa nguvu zake zote, kama alivyofundishwa.

"Baba! Baba Joram!"

Na huko chini, kwenye njia ya ziwani, sauti ya mwanamume ikamwitikia.

"Niko, mwanangu. Nakuja."